Ukuta wa mpaka wa mawe matupu: eti bila simiti utaanguka?

Kila nikienda nyumbani Seme napita mashamba yamejaa mawe, mtu amelima akayatoa akayarundika kando ya mpaka, halafu huyo huyo anapanda matatu kwenda Kisumu kununua nguzo na seng'enge, na nguzo zenyewe mchwa wanazimaliza. Ukimuuliza mbona usijengee hayo mawe yako anakwambia bila simiti ni kazi bure, mvua ya Aprili moja tu na yote yako chini.

Hiyo ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote kwa sababu jibu lake liko hapa hapa kwetu Nyanza. Nenda Thimlich Ohinga kule Migori uone. Kuta za mita 1.5 mpaka 4.5 kwenda juu, unene kama wa mita moja, hakuna simiti, hakuna udongo wa kuunganishia, hata mawe hayakuchongwa, na inakadiriwa zilianza kujengwa karne ya 16. Mwaka 2018 UNESCO wakapaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ukitazama vizuri utaona ukuta hauendi moja kwa moja kama rula, unakunjakunja, na hizo kona zinausaidia kusimama. Kinachoushika ni uzito wa mawe na vile yanavyobanana, na ukikaa kidogo hapa unabonyea kidogo pale, haupasuki kama ukuta wa blok.

Sasa kuna wengine wanaamini kwamba ni sawa haina simiti, lakini ni kupanga mawe tu, hata watoto wanaweza. Hapo ndipo tulipopotea mimi na mjomba. Tulijenga nyuma ya boma, kila jiwe zuri tukaligeuza uso mrefu uangalie nje ndio lionekane kubwa, katikati tukajaza udongo kwa sababu ulikuwa karibu na koleo ilikuwa mkononi. Masika ilipofika udongo ukanywa maji ukavimba, mwingine ukatiririka ukatoka, ukuta ukaota tumbo katikati na asubuhi moja tukaukuta umelala kwa mahindi ya jirani.

Mara ya pili tulimwita mzee mmoja fundi kutoka upande wa Maragoli. Kitu cha kwanza alitubomolesha hata kile kipande kilichobaki kimesimama, akapanga mawe kwa nyasi, makubwa karibu, madogo mbali. Tukachimba mtaro tukatoa udongo wa juu wenye mizizi mpaka tukafika pagumu, yale makubwa zaidi yakaingia chini. Nikaweka jiwe nikaona limekaa. Akaniambia, "Bonyeza hapo, kijana. Linatingika?" Nikamwambia, "Kidogo tu, mzee." Akasema, "Basi toa." Nililitoa hilo jiwe mara nne! Mara ya tano nikaligeuza kichwa kikaingia ndani ya ukuta na mkia ukabaki nje, nikasikia likitoa ule mlio mzito wa kukaa, nikabonyeza na magoti yote mawili na halikusogea.

Na hiyo ndiyo siri yenyewe, urefu wa jiwe uende ndani, usilale kando kando ya ukuta. Kila jiwe likalie mawili, na juu ya ufa wa mawili kuwe na jiwe moja, ukiona nyufa zimefuatana kutoka chini hadi juu ujue hapo ndipo utapasukia. Unajenga kuta mbili zinazotazamana, na tumbo la katikati linajazwa vijiwe vidogo vinavyowekwa kwa mkono kimoja kimoja, si kumwaga na karai na kamwe si udongo. Ukifika kama kwa goti au katikati ya urefu unatafuta mawe marefu yanayotoka upande huu mpaka ule, unayaweka kama kila mita moja, hayo ndiyo yanazuia pande mbili zisiachane. Ukuta unaendelea ukiinama ndani pande zote mbili, kama chini ni sentimita 70 juu iwe 40 hivi, halafu juu kabisa mawe mazito ya kichwa, ya kuufunika.

Kuna pia hii ya kusema mawe ni ya shamba kwa hivyo ukuta ni wa bure. Piga hesabu. Ukuta wa mita 1.2 kwenda juu kwa vipimo hivyo unakula zaidi ya tani moja ya mawe kwa kila mita unayosonga mbele. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mzunguko wa futi 300, yaani mita 91, hapo ni kama tani mia moja za kubebwa. Na upana wake wote ukiuweka upande wako umetoa zaidi ya mita mraba 60 kwa ploti ya kama 465. Kwa ploti ya mtaani Nakuru mimi sikushauri, kwa shamba lenye mawe nakushauri kabisa.

Kuhusu maji, hauhitaji kuacha matundu, mvua inapita katikati ya mawe yenyewe. Lakini kule Kano, karibu na Kisumu, kwa udongo mweusi unaovimba na kupasuka, kama huwezi kuchimba ukafika pagumu panda ua tu. Nyoka nao si uongo, watajificha pamoja na panya, kwa hivyo fyeka nyasi pande zote.

Dhana inayopeleka watu kwa chifu ni hii ya kwamba ukishajenga ukuta basi huo ndio mpaka. Hapana. Mashamba mengi ya huku yana mipaka ya makadirio tu kwenye ramani, na mkizozana msajili wa ardhi ndiye anaamua kwanza kabla ya korti. Kung'oa au kuharibu alama ya mpaka ni kosa la jinai. Halafu usijenge ndani sana ukaacha kipande nje eti kwa amani, kwa sababu mtu akikikalia waziwazi bila ruhusa yako miaka 12 sheria inamruhusu kwenda kukidai.

Sisi tulimwita sevea, mpima ardhi, tukiwa wote, na mama jirani tukakubaliana ukuta ukae katikati, kila mmoja atoe sentimita 35. Kwenye kona tuliacha nafasi bikoni, ile alama ya mpaka, ionekane. Yeye ndiye alifunga kamba upande wa bondeni, mimi nikashika wa juu, tukavuta mpaka ikakaza, ndipo mzee akachukua jembe.