Mtoto wa Pwani hazaliwi akijua kusoma kanga

Kikao cha wazazi cha juzi, chai haijamiminwa, mzee mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mtoto wa Kiswahili unamfundisha Uswahili? Mfundishe kuchora bwana, utamaduni anao kwao." Ukumbi ukaangua kicheko. Nikacheka nao, maana ni mtu mzima na amesema kwa wema. Lakini ni mara ya ngapi sasa? Nimeshaambiwa na wakuu wa idara, nimeambiwa na mwalimu wa hesabu ndani ya daladala, tena kwa sauti. Leo naandika, yaishe.

Kila Januari nawapa kidato cha kwanza kazi moja: chora utamaduni wa kwenu. Niko Tanga. Unadhani naletewa nini? Mmasai. Kasimama kwa mguu mmoja, mkuki mkononi, mgunga nyuma yake na jua linazama. Wachoraji ni Wadigo, Wabondei na Wasambaa, ambao asubuhi ile ile wameamshwa na mama aliyejifunga kanga. Hawajamchora Mmasai kwa kuwa wanamjua. Wamemwona kwenye picha za kuuzia watalii, wakaamini utamaduni ni kile anachonunua mgeni. Huo ndio utamaduni "anao kwao".

Wachache hunichorea Tingatinga na kuandika chini yake "sanaa ya mababu". Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Mama yangu ni mkubwa kuliko mtindo huo. Simshushi Tingatinga, namheshimu sana, ila babu yake hakuwahi kuona chui wa namna ile. Tuendelee.

Tuje kwenye kanga, maana hapa ndipo ninapoumwa. Ukimwuliza mtoto sehemu za kanga atakutajia mbio mbio: pindo la kuzunguka, mji wa katikati, na jina, yaani maneno yake. Safi. Mpe karatasi abuni yake. Ataweka ua katikati, halafu jina atalizungusha kwenye ua kwa herufi za madaha, kama tangazo la soda. Jina la kanga hukaa mstari mmoja, limenyooka, juu kidogo ya pindo la chini. Kwa nini? Kwa sababu kanga haibandikwi ukutani, inafungwa. Ukishajifunga, jina liko nyuma, na anayelisoma ni yule uliyempa mgongo. Mtu akitoka kuchota maji na "Hasidi hana sababu" kiunoni, jirani analisoma kuanzia bombani mpaka kwake. Akija juu, jibu lipo: "Mimi nimenunua dukani, maneno nimeyakuta." Kusema bila kusema, tena huku unaondoka! Huo ndio ufundi wa kanga, na mtoto aliyekulia katikati yake hauoni, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia simama hapa, tazama.

Mwaka mmoja nilileta kisutu darasani: nyekundu, nyeusi na nyeupe, ile ya bibi harusi. Kijana mmoja, wa hapa hapa mjini, akaigeuza pande zote mbili, kisha akanihurumia: "Mwalimu, umeuziwa mbovu. Wamesahau jina." Wenzake wakakubali. Kisutu hakina jina. Vijana wale walikuwa wamekaa kwenye harusi nyingi kuliko mimi, wakala pilau, wakapiga picha, na kisutu kiko mbele ya macho yao.

Kuna wanaosema basi kanga yenyewe si yetu, neno leso, jina jingine la kanga, ni la Kireno na vitambaa vilichapwa Uingereza, Uholanzi, Japani na India. Kweli vilichapwa huko. Wanawake wa Pwani ndio waliochagua kipi kinunuliwe na kipi kiozee dukani. Sina muda na hili.

Nina muda na jambo jingine, ambalo linanisuta mwenyewe. Tukishakubali kwamba utamaduni lazima ufundishwe, walimu tunakimbilia majedwali ya ishara: korosho ni utajiri, samaki ni uzazi, mnyororo kwenye mlango wa Zanzibar ni nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa. Mtoto anakariri, mtihani anafaulu. Hilo la mnyororo nililifundisha miaka mitatu bila kupepesa macho. Kisha siku moja nikajiuliza nimelipata wapi: kwa mchonga milango au kwa mtembeza wageni? Kwa mtembeza wageni. Na ni huyo huyo aliyeniambia misumari ya shaba iliwekwa kuzuia tembo, kwenye kisiwa kisicho na tembo. Siku hizi mwanafunzi akiandika "korosho ni ishara ya utajiri" namwandikia pembeni: nani kakwambia? Wananichukia kidogo.

Hata kwenye kanga vitabu vinasema picha na jina huoana. Nimefunua makabati ya shangazi zangu wote, na mara nyingi havioani: nanasi mjini, chini yake "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Nanasi na simba wapi na wapi? Mmoja alinunua kwa rangi, mwingine kwa jina, na shangazi wa tatu alipewa tu, hivyo maana yake iko kwa aliyempa.

Ndiyo maana nilibadilisha zoezi. Siku hizi nasema: leta kanga moja ya nyumbani, uliza nani alimpa nani na siku gani, kisha ichore. Karatasi ya alama ina kipengele "Eleza ujumbe", alama 3. Muhula uliopita binti mmoja alirudi mikono mitupu. Bibi yake alimwonyesha kanga, akamruhusu kuishika, alipoulizwa habari zake akasema, "Hiyo ni yangu na marehemu babu yako," akaikunja akairudisha sandukuni. Binti akaichora vile vile ilivyokunjwa, mikunjo minne, pindo linaonekana, jina limefichwa ndani. Mchoro bora kabisa wa muhula ule. Kwenye "Eleza ujumbe" hakuandika kitu.

Nilimpa 7 kwa 10, kama karatasi inavyotaka. Daftari lake bado liko mezani kwangu, sijalirudisha.