Kabla ya Kuomba Majalada ya Kijeshi ya "Visahani Vinavyoruka"

Sheria iliyopitishwa Marekani Desemba 2023 iliitaka Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya nchi hiyo kuweka mahali pamoja kumbukumbu za serikali kuhusu vitu visivyotambulika angani, katika kundi la kumbukumbu namba 615. Tangu hapo wengi wanayarudia majalada ya zamani ya jeshi. Ni haki yao. Lakini majalada hayo yanasomwa vibaya mno.

Yanayotafutwa zaidi ni ya Blue Book, mradi wa Jeshi la Anga wa kuchunguza ripoti za vitu hivyo, uliofanyia kazi kambi ya Wright-Patterson, Ohio, kuanzia 1952 hadi ulipofungwa Desemba 1969. Kati ya ripoti 12,618, 701 zilibaki bila kutambuliwa. Tafadhali tuelewane: 701 si hesabu ya vyombo kutoka sayari nyingine. Ni ripoti zilizokuwa na maelezo ya kutosha, zikalinganishwa na ndege, maputo, vimondo na sayari kama Zuhura, zisioane na chochote. Zilizopungukiwa maelezo zilikuwa na kundi lake.

Majalada haya yako wazi na hayahitaji barua ya maombi. Yamo katika mikanda 94 ya filamu, namba T-1206; mkanda wa kwanza una orodha ya yaliyomo, na matukio yamepangwa kwa tarehe. Barua chini ya sheria ya Marekani ya haki ya kupata habari za serikali (FOIA) ni kwa nyaraka ambazo bado hazijafunguliwa. Taja tukio, mahali, tarehe na kitengo cha jeshi, kisha andika kiwango cha juu cha ada utakachokubali kulipa. Idara husika ina siku 20 za kazi kujibu. Ombi la "nipeni kila kitu" halimwezeshi ofisa kutafuta, nalo hukwama.

Kosa kubwa ni saa. Marubani na waongoza rada huandika kwa saa za Greenwich, kwa herufi Z. Usiku wa 19 Julai 1952 rada ya uwanja wa ndege wa Washington ilionyesha alama saba saa 5:40 usiku, saa za huko wakati wa kiangazi. Kwa Z, iliyo mbele kwa saa nne, hiyo ni 0340Z, tarehe 20. Msomaji wa Kiswahili akiona 0340 husoma saa tatu na dakika arobaini usiku, kumbe ni saa tisa na dakika arobaini usiku, saa za Greenwich. Hapo anatafuta saa na tarehe zisizo zake, hapati kitu, anaanza kudai karatasi zimefichwa. (Jeshi lilieleza alama zile kwa hewa ya joto kukaa juu ya hewa baridi, hali inayopinda mawimbi ya rada.)

Usiri ulikuwepo kweli, nao uliandikwa. Agizo la JANAP 146, la pamoja la majeshi ya Marekani, lilizuia kutangaza ripoti zilizotumwa kwa utaratibu wake, chini ya sheria za ujasusi: kifungo hadi miaka 10, faini hadi dola 10,000, au vyote viwili.

Uingereza, majalada mengi ya kabla ya 1967 yaliharibiwa baada ya miaka mitano kwa utaratibu wa kawaida wa ofisi. Hayapo, hayajafichwa.

Kuhusu Roswell, mji wa New Mexico unaodaiwa kuangukiwa na kisahani mwaka 1947, Hifadhi ilitafuta ndani ya Blue Book isipate hati inayozungumzia tukio hilo. Omba badala yake ripoti ya Jeshi la Anga ya 1994, inayolihusisha tukio hilo na maputo ya Mogul, mradi wa siri wa kunasa sauti za majaribio ya nyuklia ya Kisovieti.