Mkanda wa gari "unafunga" nini hasa?

Kila mara utasikia mtu akieleza kwamba mkanda wa gari unamfunga abiria kwenye kiti asirushwe. Anayesema hivyo ana nia njema, na kwa kweli kurushwa nje ya gari ni hatari kubwa. Lakini maelezo hayo yamezaa makosa mengine mengi: mtu anaogopa "kufungwa" gari likiwaka moto, mwingine anapeleka gari kwa fundi kwa sababu mkanda "haufungi" akiuvuta, na wa tatu anaupitisha chini ya kwapa akiamini kwamba maadamu umefungwa, umefungwa.

Mkanda wa usalama ni utepe wa nyuzi za polista wenye upana wa karibu sentimita 5, ulioshikizwa kwenye bodi ya gari, ambao gari likisimama ghafla huusimamisha mwili wako polepole kuliko ambavyo dashibodi ingeusimamisha. Maana ndiyo hiyo. Neno la kushika ni "polepole".

Tatizo linaanzia kwenye kitenzi chenyewe. Funga ni kitenzi kinachobeba mizigo mingi: tunafunga mlango, tunafunga ng'ombe, tunafunga goli, tunafunga ndoa, tunafunga mwezi wa Ramadhani. Lakini kikikaa karibu na kamba au mkanda, akili hukimbilia kwa ng'ombe na kwa mfungwa: kitu kimeshikwa, hakisogei. Hapo ndipo maana inapopotea, kwa sababu mkanda ambao haukuruhusu kusogea hata kidogo ungekuvunja mbavu.

Kenya wengi husema mshipi badala ya mkanda, na kwa jambo hili neno lao linafundisha zaidi. Mshipi ni wa kiunoni, lakini mshipi pia ni uzi wa mvuvi. Mvuvi wa mshipi akinasa kolekole mkubwa hashikilii uzi ukakaza kama waya. Ungekatika, au mdomo wa samaki ungechanika. Anaubana mkononi, anauachia kidogo, anaubana tena, huku nguvu za samaki zikipungua. Mkanda wa gari unakufanyia hivyohivyo, ila kazi yote inakwisha ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Hesabu yake si ngumu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, mwili wako nao unakwenda mita 14 hivi kwa sekunde. Kuanguka kutoka juu ya mnazi wa mita 10 kunakufikisha chini kwa mwendo huohuo. Gari likigonga ukuta, pua yake hubonyea, na mkanda hurefuka kidogo. Ukijumlisha hayo mawili, mwili unaweza kupata karibu nusu mita ya kusimamia, na kwa umbali huo nguvu inayokukaba ni kama mara 20 ya uzito wako. Mtu wa kilo 70 anabanwa kwa nguvu ya karibu tani 1.4. Bila mkanda, gari linasimama na wewe unaendelea mpaka ukutane na usukani au kioo, ambapo unasimama ndani ya sentimita chache. Zikiwa 5, nguvu inapanda hadi mara 200. Mwendo ni uleule, mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni umbali wa kusimama.

Sasa turudi kwa "haufungi". Kwa Kiswahili cha gereji, neno hili linatajwa kwa mambo manne yanayofanywa na sehemu nne tofauti.

La kwanza ni ulimi wa chuma kuingia kwenye loki mpaka usikie mlio. Hilo ndilo kufunga kwa maana ya kawaida, na unalifungua kwa kubonyeza kitufe chekundu. Aliyefunga mkanda akabaki na fahamu zake anakibonyeza na kutoka. Asiyefunga, akagonga kichwa na kuzimia, hawezi hata kufungua mlango, na hilo ndilo jibu la hofu ya moto.

La pili ni kujifunga. Ndani ya kiboksi kilicho chini ya nguzo ya mlango kuna kigurudumu chenye springi kinachokunja utepe. Ukiuvuta taratibu, unakuja bila shida, na haukosei: umetengenezwa uje. Pembeni ya kigurudumu kuna gololi ya chuma iliyokaa kwenye kikombe kidogo. Gari likifunga breki kali, gololi inapanda ukingo wa kikombe, inasukuma kijiti kinachonasa kwenye meno ya kigurudumu, na utepe haupiti tena. Upo pia mtego wa pili unaoangalia mwendo wa utepe wenyewe, ndiyo maana ukiuvuta kwa kishindo unagoma hata gari likiwa limezimwa. Gololi hiyo inasikia na mwinamo. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 16 inataka mkanda usijifunge gari likiinama nyuzi 12 au chini ya hapo, na uwe umejifunga likizidi 27. Kwa hiyo ukiegesha kwenye mlima mkali na mkanda ukakataa kutoka, haujakwama. Sogeza gari mahali tambarare kabla hujamlipa mtu aufungue.

La tatu ni kukaza. Magari mengi ya siku hizi yana baruti kidogo ndani ya kiboksi kile au kwenye loki. Ajali ikitambuliwa, hulipuka na kuvuta utepe kwa sentimita kadhaa kabla mwili haujaanza kwenda mbele, ili ulegevu wa nguo na wa mkao uondoke. Baruti hulipuka mara moja tu. Anayenunua mkanda wa gari lililogongwa anaweza kuwa ananunua uliokwisha kazi.

La nne ni kuachia, ule mkono wa mvuvi. Katika magari mengi ya siku hizi, katikati ya kigurudumu kuna kijiti cha chuma kinachojipinda nguvu kifuani ikizidi kiwango, na utepe unatoka kidogo kidogo. Sehemu hii inayookoa mbavu inafanya kazi kinyume kabisa cha kufunga.

Mkanda wa kawaida wa gari umeshikizwa sehemu tatu: mbili kando ya nyonga na moja juu ya bega. Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo aliyewahi kutengeneza viti vya kurusha marubani huko Saab, ndiye aliyeusanifu mkanda huu mwaka 1959, na Volvo ikaruhusu watengenezaji wengine kuutumia. Alichotaka ni nguvu iangukie mifupa inayoweza kuibeba: nyonga, kifua na mfupa wa bega. Kwa hiyo utepe wa chini ulale chini kabisa ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, na mjamzito aupitishe chini ya mimba. Ukikaa juu ya tumbo, au ukiegemeza kiti nyuma kama kitanda, mwili huteleza chini ya utepe na utumbo ndio unaobeba tani ile. Ukiupitisha chini ya kwapa, zinaibeba mbavu za chini, zenye ini na bandama nyuma yake.

Mikanda mingi ya abiria kwenye matatu, iliyoingia kwa wingi na kanuni za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, mwaka 2004, ni ya kiunoni tu, na mingi haina kigurudumu. Hiyo haijikazi. Usipouvuta mwenyewe ukashika nyonga, umefunga loki lakini mwili bado uko huru.

Mkanda ukirudi kwa uvivu, mara nyingi shida ni jasho na vumbi vilivyoganda kwenye pete ya juu ya nguzo. Futa pete, osha utepe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, uache ukauke ukiwa umevutwa nje ya kiboksi. Usitie jiki, inakula nyuzi. Wala oili, inakusanya vumbi.

Na fundi akikwambia mkanda "haufungi", muulize kwa upole: ulimi haushiki, au kigurudumu hakinasi ukivuta kwa kishindo? Ni vipuri viwili, na bei mbili.