Sheria za vyoo: zinamwadhibu nani, na kwa kosa gani

Klipu zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar es Salaam kuhusu "sheria ya vyoo Marekani" nyingi zinaleta habari nusu. Moja inadai kule mtu akikosea mlango anafungwa. Nyingine inadai kule kila mtu anaingia anakotaka. Zote mbili zinapotosha, na kwa kuwa zinahusu watu wanaochekwa kirahisi, hakuna anayejisumbua kuuliza ukweli wake.

Sheria ya choo ni ile inayoagiza kwamba kwenye majengo ya umma mtu atumie choo kulingana na jinsi aliyozaliwa nayo, hata kama haishi hivyo. Inawalenga watu waliobadili jinsia: mtu aliyeandikwa mvulana alipozaliwa lakini anaishi kama mwanamke, au aliyeandikwa msichana na anaishi kama mwanaume. Hao si huntha, ambao wamezaliwa na maumbile yasiyoegemea upande mmoja moja kwa moja. Mitaani kwetu makundi haya mawili yanachanganywa kila siku.

Hakuna sheria moja ya Marekani nzima. Kila jimbo lina yake au halina kabisa. Iliyovuma mwanzo ni ya North Carolina, Machi 2016, iliyotaka shule na ofisi za serikali zifuate jinsi iliyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Iliagiza tu, haikumwekea mtu faini wala kifungo. Hata hivyo kelele zilikuwa kubwa: NBA, ligi ya mpira wa kikapu, waliiondoa mechi yao ya nyota ya 2017 kwenye mji wa Charlotte, ulio jimbo hilo, wakaipeleka New Orleans, na Machi 2017 kipengele cha vyoo kikafutwa.

Florida ndiyo inayofaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu humo adhabu inamwangukia mtu mwenyewe. Sheria yake ilianza kutumika Julai 2023 na inahusu majengo ya serikali, shule na magereza. Duka la mtu binafsi halimo. Kuingia tu hakumfikishi mtu mzima mahakamani. Kosa linakamilika pale mfanyakazi wa jengo anapomwambia atoke, naye akakataa. Hapo anahesabiwa kuwa ameingia kwa jinai, kama aliyevamia eneo la mtu, na anaweza kufungwa hadi siku 60 au kutozwa faini hadi dola 500. Wamesamehewa wasafishaji, watoa huduma ya dharura, na anayemsindikiza mtoto, mzee au mlemavu. Machi 2025 mwanafunzi mmoja wa miaka 20, mwanamke aliyebadili jinsia, aliwaandikia wabunge barua kuwajulisha kwamba atakwenda kutumia choo cha wanawake kwenye jengo la bunge la jimbo, Tallahassee. Alikwenda kweli, na polisi walikuwa wanamsubiri. Wakamkamata. Kesi yake baadaye iliondolewa.

Texas wamepita njia nyingine. Sheria yao, iliyoanza Desemba 2025, inaitoza faini taasisi: dola 25,000 kosa la kwanza, 125,000 yanayofuata. Usidhani hiyo ni nafuu kwa mhusika. Mkuu wa shule anayeogopa faini ya ukubwa huo atasimamia mlango kwa ukali kuliko askari.

Na hapo mlangoni ndipo penye kiini cha jambo. Fikiria choo cha kulipia Kariakoo au kwenye stendi yoyote ya mabasi. Mhudumu amekaa kwenye kiti cha plastiki, anapokea hela yako, anakukatia toilet paper, anakuelekeza kushoto au kulia. Hakuombi cheti cha kuzaliwa. Anakutazama uso, mavazi na mwendo, basi. Sheria ya choo haina chombo kingine zaidi ya jicho hilo, na jicho hukosea. Marekani wapo wanawake waliozaliwa wanawake waliosumbuliwa chooni kwa sababu ni warefu, au nywele zao fupi. Upande wa pili, mtu aliyezaliwa msichana ambaye leo ana ndevu na sauti nzito anaamriwa na sheria hiyohiyo aingie kwa wanawake. Sijui ni mama gani atakayetulia akimwona.

Wanaozitetea sheria hizi wanasema wanalinda usalama na faragha ya wanawake na watoto. Hofu hiyo siidharau. Mwanamke wa Dar anayekwenda choo cha stendi usiku anajua anachoogopa. Lakini watafiti waliolinganisha miji ya jimbo la Massachusetts iliyoruhusu watu waliobadili jinsia kutumia choo cha jinsia wanayoishi nayo na miji isiyo na kanuni hiyo hawakuona ruhusa ile ikihusiana na ongezeko la uhalifu vyooni. Madhara kwa upande wa pili yameandikwa: kwenye utafiti mkubwa wa 2015 Marekani, watu waliobadili jinsia asilimia 59 walisema walikwepa vyoo vya umma mwaka uliotangulia, asilimia 32 walipunguza kula au kunywa ili wasihitaji choo, na asilimia 8 walipata maambukizi ya njia ya mkojo au shida ya figo kwa sababu ya kukwepa. Kumnyima mtu maji ya kunywa kwa woga wa mlango ni adhabu, hata kama hakuna hakimu aliyeitamka.

Tanzania haina sheria ya choo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho watu hukitaja hapa, kinahusu vitendo vya kujamiiana, wala hakizungumzii nani aingie mlango gani. Na mwanaume anayeingia choo cha wanawake kushika au kudhalilisha anashitakiwa kwa makosa ya kijinsia yaliyomo kwenye Kanuni hiyo, ambayo yaliongezewa makali na sheria ya 1998, awe amevaa suruali au gauni.