Mchanganyiko wa wafanyakazi kwenye kampuni: maana yake nini na faida yake iko wapi hasa

Siku hizi ukisoma tangazo la kazi la kampuni kubwa lazima ukute pale chini kamstari kanasema wanawake na watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba, na ukiingia kwenye tovuti yao utakuta picha ya wafanyakazi wanacheka, mmoja kavaa hijabu, mwingine yuko kwenye kiti cha magurudumu, na mzungu mmoja kwa nyuma. Hiyo ndo inaitwa uanuwai wa wafanyakazi, mimi ntasema mchanganyiko tu. Maana yake ni kampuni kuwa na watu wasiofanana, kwa jinsia, umri, kabila, dini, ulemavu, walikokulia, hata fani walizotokea, na watu hao wawepo kwenye ngazi zote za kazi. Hapo kwenye ngazi ndo wengi wanaparuka.

Sisi wa Tanga hii kitu tulitakiwa tuielewe mapema kuliko wengine. Mkonge uliletwa 1893 na yule Mjerumani Richard Hindorf, miche ikitokea Florida, mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa kutoka hapa Tanga kwenda bara, baadae mashamba yakapanuka mpaka wenyeji hawakutosha, ikabidi wafuatwe manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Songea, Tabora, mpaka Msumbiji na Rwanda-Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda kabisa ofisi yao ya kusaka vibarua, SILABU. Kwa hiyo shamba moja unakuta Muha, Mbena, Mngoni, Mmakonde, karani Mhindi, mwenye mali Mgiriki au Mwingereza. Ukihesabu vichwa tu, mchanganyiko ule ofisi nyingi za leo haziufikii. Lakini kila kundi lilikuwa na ngazi yake na halivuki, anayejua mwiba wa ncha ya jani unavyochoma na ni mistari ipi imechoka hakuna siku aliitwa kwenye meza inayopanga kazi ya kesho. Walichanganyika kwenye orodha ya mishahara, kwenye maamuzi hapana.

Faida ya mchanganyiko inakuja pale ambapo kitu anachokijua mtu kutokana na maisha yake kinafika kwenye uamuzi kabla hela haijapotea. Chukulia kampuni ya mikopo midogo inataka kukopesha kina mama wanaochemsha na kuanika dagaa kule Sahare au Kigombe, pwani yetu ya Tanga. Timu iliyokaa kutengeneza huo mkopo wote wamesoma biashara, wote wameajiriwa tangu wamalize chuo, mshahara unaingia mwisho wa mwezi, basi wanapanga rejesho kila Jumatatu kiasi kilekile na dhamana iwe hati ya nyumba. Kwenye karatasi iko safi kabisa. Sasa dagaa wanavuliwa usiku kwa taa na taa inataka giza, mwezi ukiwa mpevu dagaa hawakusanyiki kwenye taa, vyombo vinapumzika siku kadhaa, mama hana cha kuchemsha, na Jumatatu haijui habari za mbalamwezi. Masika nayo mvua inanyea dagaa walioanikwa, wanaoza. Na hiyo hati ya nyumba mara nyingi ina jina la mume au la marehemu babu. Kampuni itaona madeni mabaya yanapanda, itaandika kwamba wateja wa pwani si waaminifu, itafunga dirisha. Mtu mmoja tu aliyekulia kwenye nyumba ya mvuvi angesema mkutano wa kwanza kabisa, jamani rejesho lifuate giza, na dhamana iwe kikundi. Mtu huyo si lazima awe na akili kuliko wenzake, ila anajua kitu ambacho wao hawajawahi kuwa na sababu ya kukijua.

Na usidhani ni mambo ya kampuni ndogo. Apple walitoa programu yao ya afya 2014, inarekodi vitu kibao mpaka madini unayopata kwenye chakula, ila hedhi haimo, wakaja kuiweka mwaka uliofuata. Mtafiti Joy Buolamwini na mwenzake walipima 2018 mifumo ya kompyuta inayotambua jinsia kwa kuangalia sura, mfumo mmojawapo ukakosea kwa wanawake wenye ngozi nyeusi karibu asilimia 35, wakati kwa wanaume weupe makosa hayakufika hata asilimia 1. Sura nyingi za kujaribia mifumo ya aina hiyo zilikuwa za weupe, na hakuna aliyeshtuka mapema.

Sasa wapo wanaokwambia mchanganyiko unaongeza faida ya pesa moja kwa moja. Hapo mimi naenda taratibu. Ripoti ya 2015 ya McKinsey, kampuni kubwa ya ushauri wa biashara, ndo inatajwa sana, ilisema kampuni zilizo juu kwa mchanganyiko wa rangi na asili za watu kwenye uongozi zina uwezekano zaidi kwa asilimia 35 wa kuwapita wenzao kwa faida, kwa jinsia asilimia 15. Namba nzuri, lakini 2024 maprofesa wawili wa Marekani, Green na Hand, walijaribu kurudia hesabu za aina ile ya ripoti kwa kampuni kubwa za kwao na hawakuupata huo uhusiano. Halafu hata ukiwepo, huenda kampuni yenye hela ndo inamudu kuajiri watu wa kila aina, si kwamba watu hao ndo wameleta hela. Kwa hiyo bosi akikuuliza usimuahidi faida ya robo mwaka ijayo.

Tena mchanganyiko una gharama zake, tusidanganyane. Watu wa asili tofauti wanabishana zaidi, mkutano unarefuka, kijana anaona mzee anamchelewesha na mzee anaona kijana hana adabu. Sisi Kiswahili kinatuokoa sana na utani wa makabila nao unapoza, lakini utani ukitoka kwa bosi kwenda kwa mhudumu si utani tena.

Kikwazo kikubwa huku kwetu ni koneksheni. Nafasi ikitokea meneja anamwambia shemeji, shemeji analeta mtoto wa dada, miaka mitano ofisi nzima mmetoka tarafa moja na wala hakuna aliyekusudia ubaguzi.

Ila sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kubagua kwa kabila, mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, VVU, umri na mengineyo, na inamlinda hata anayeomba kazi, si aliyeajiriwa tu. Kuchagua mtu kwa sifa ambazo kazi yenyewe inazidai si ubaguzi, wala mpango wa kuwainua walioachwa nyuma. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea afikishe angalau asilimia 3 ya wenye ulemavu. Ukiona umebaguliwa, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na usikae sana: kama umeachishwa kazi una siku 30 tu za kupeleka lalamiko, mengine siku 60. Ukishaonyesha dalili za ubaguzi, mwajiri ndo anatakiwa athibitishe kwamba hakukubagua.