Baiskeli Juu ya Barafu: Elimu kwa Vijana Wanaokwenda Masomoni Nchi za Kaskazini

Wapo vijana wa Dodoma wanaopata nafasi za masomo Ufini na Uswidi, ambako watu wengi huenda chuoni na kazini kwa baiskeli hata theluji ikiwa imetanda. Mji wa Oulu, kaskazini mwa Ufini, unasifika kwa jambo hilo, na ndiko ulikofanyika mwaka 2013 mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu baiskeli wakati wa baridi.

Sisi tunaoshughulikia elimu ya usalama barabarani huulizwa zaidi kuhusu makoti. Swali hilo linaeleweka kwa mtu aliyezoea Dodoma, ambako usiku wa Julai wenye nyuzi joto 14 tayari ni wa kujifunika blanketi. Hata hivyo, anayekanyaga pedali hupata joto upesi, na koti zito humtoa jasho ambalo likipoa ndilo humletea baridi kali. Avae nguo kadhaa nyepesi, na akinge masikio na vidole. Hatari kubwa iko chini ya magurudumu.

Siku ya kuogopwa si lazima iwe ile yenye baridi kuliko zote. Barafu huteleza zaidi joto linapokaribia nyuzi sifuri, kwa sababu juu yake hutanda utando mwembamba sana wa maji. Baridi ikizidi, utando huo hupungua na tairi hushika vizuri kidogo. Kwa hiyo asubuhi inayofuata mchana wa theluji kuyeyuka, maji yakiwa yameganda tena usiku, inahitaji uangalifu kuliko siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Barafu ya namna hiyo hufanana na lami iliyolowa tu, na huwahi kutokea juu ya madaraja, kwa kuwa hewa baridi huyapoza juu na chini.

Baiskeli inayokwenda kilomita 20 kwa saa husimama ndani ya takriban mita 3 kwenye lami kavu. Kwenye barafu inaweza kuhitaji zaidi ya mita 15. Aliyewahi kukata kona kwenye changarawe yenye mchanga juu anajua gurudumu la mbele likiponyoka hakuna muda wa kujirekebisha. Basi apunguze mwendo kabla ya kona, akate kona bila kuinamisha baiskeli, na aanze na breki ya nyuma taratibu.

Kinga inayostahili gharama yake ni tairi za njumu, zenye vipini vidogo vya chuma kigumu vinavyouma barafu. Anayemudu moja tu aifunge mbele, kwa maana gurudumu la nyuma likiteleza mara nyingi mtu huwahi kutua mguu. Taa nazo si za hiari: mwishoni mwa Desemba urefu wa mchana wa Oulu haufiki hata muda wa saa nne, na betri huishiwa haraka penye baridi.

Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula mnyororo, hivyo ufutwe na kutiwa mafuta mara kwa mara. Baiskeli iliyolowa isitolewe nje kabla haijakauka, kwani maji yaliyoingia kwenye nyaya za breki huganda, na mwendeshaji hugundua breki hazibani akiwa tayari mteremkoni.