Hatia ya kurithi ya vita ni nini?

Hatia ya kurithi ni mzigo anaoubeba mtoto kwa maovu ya mzazi wake vitani, ilhali yeye hakumgusa mtu. Mahakamani haitambuliwi, kosa la jinai hufa na mtendaji. Mwaka 1946 mwanafalsafa Mjerumani Karl Jaspers alitenganisha hatia ya jinai, ya kisiasa, ya kimaadili, na ile ambayo hakimu wake ni Mungu peke yake. Rais Frank-Walter Steinmeier, aliyezaliwa 1956, alipoomba msamaha Songea mwaka 2023 kwa mauaji ya Vita vya Maji Maji, aliubeba wajibu wa kisiasa wa dola ya Ujerumani. Ya mtoto na baba yake ni magumu zaidi, kwa sababu yamechanganyika na mapenzi.

Watazame Niklas Frank na Horst Wächter, wana wa vigogo wawili wa Kinazi, wote waliozaliwa mwaka 1939. Hans Frank, aliyeitawala Poland iliyokaliwa na Wanazi, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Nuremberg, Ujerumani, na kunyongwa Oktoba 1946. Otto Wächter, gavana wa Kinazi wa Galicia, eneo ambalo leo liko hasa Ukraine, alifia Roma mwaka 1949 akiwa mafichoni, bila kufikishwa kizimbani. Niklas hutembea na picha ya maiti ya baba yake. Horst anashikilia kwamba baba yake alikuwa mtu mwema. Wakiwa wazee walisimama pamoja Zhovkva, Ukraine, walikozikwa Wayahudi waliouawa, na Horst hakuikubali hatia ya baba yake hata hapo. Naamini ile hukumu ya Nuremberg ina uzito mkubwa hapa: pasipo hukumu, mtoto huijaza nafasi iliyobaki kwa kumtetea baba.

Ndiyo maana filamu za safari, ambamo mwana hupelekwa mahali pa maovu ya baba yake, huifaa sana mada hii. Wana wa askari wa Kinazi sasa ni wazee wa miaka themanini na kitu, na mahali pa mauaji pana jina na barabara ya kufika. Ndani ya gari hakuna pa kuukwepea mjadala. Filamu huharibika pale machozi ya mwana yanapochukua nafasi ya waliouawa: kijiji kinageuka pazia la nyuma, na wenyeji hawapewi hata sentensi moja.

Anayetaka kujua kweli huanzia Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, ambayo tangu 2019 tawi lake la Berlin ndilo lenye kumbukumbu za utumishi wa askari. Peleka jina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa, na namba ya kibati cha utambulisho kama ipo. Majibu huonyesha vikosi na tarehe; mauaji hayaandikwi humo. Kwa hiyo linganisha tarehe hizo na majalada ya ofisi ya Ludwigsburg, inayochunguza jinai za Wanazi tangu 1958. Wengi hukwama hapa: wasipoliona jina la baba kwenye jalada la kesi, hudhani amesafishwa, wakati waliowahi kushtakiwa ni wachache mno. Na “alikuwa dereva tu” si jibu. Uliza alimwendesha nani, siku gani, kwenda wapi.